Jina Nililolichapa Bila Kulitaja

Kwetu Mabawe mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wake. Hakuna aliyenikaripia ili niushike mwiko huo. Niliukuta nilipoolewa, kama nilivyoyakuta mafiga jikoni. Baba mkwe wangu nilimwita Baba, na hata maneno yanayoanza kama jina lake niliyazunguka. Leo nina wajukuu kumi na mmoja na bado sijalitamka.

Mwaka wa vita vya Kagera mume wangu, Xavery, alienda na wanamgambo wenzake, nikabaki na Baba katika kijiji chetu cha ujamaa. Baba alianza kukohoa wakati wa kupalilia maharage. Ilipofika Krismasi hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta.

Zahanati ilikuwa kijiji cha jirani, mwendo wa saa mbili. Nikapeleka makohozi yake. Mganga aliyekuwepo aliniuliza jina la mgonjwa, nikanyamaza. Akauliza tena kwa haraka, maana watu walikuwa wengi, nami nikasema, "Anatoka kwa Xavery." Akaandika Xavery. Nilimwona anakosea nikamwacha, kwa sababu ili nimsahihishe ningelazimika kulitaja jina lenyewe.

Majibu yalirudi kwamba Xavery ana kifua kikuu, aje aanze sindano. Mganga alisikia kwamba Xavery ameenda vitani, akaiweka karatasi kwenye faili imngoje. Nami kila nilipoulizia majibu ya mzee wetu niliambiwa bado.

Aliyegundua ni Marsiana, muuguzi aliyehamishiwa zahanati ile kutoka Kaniha, kule Biharamulo. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye kusikiliza mpaka mtu amalize.

"Huyu Xavery ana miaka mingapi?" aliniuliza.

"Ishirini na saba, dada."

"Na anayekohoa?"

"Huyo hajui mwaka wake. Ana mvi kichwa kizima."

Hakunicheka. Alifunga faili taratibu. "Dawa inatoka hospitali kwa jina la mtu," alisema. "Hawatatoa dawa ya mwaka mzima kwa kijana aliyeko vitani. Lete makohozi mengine Jumanne, Landrova ya hospitali itapita. Ikituacha tutangoja mwezi mwingine, petroli yote inakwenda kwa askari. Na mzee wako hana mwezi wa kuchezea."

Nilijua hilo kuliko yeye. Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza Baba usiku.

Nikapatana na jirani yetu Theonest tufuatane Jumanne, ili yeye ndiye alitaje jina. Alfajiri ile mwenyekiti wa kijiji akamwita kwenda kufunga magunia ya mahindi ya askari. "Nenda tu, shemeji," aliniambia, "nitakufuata." Hakuweza kunifuata, na simlaumu. Nikatembea peke yangu kwenye mvua, chupa nimeifunga kwenye upande wa khanga.

Landrova ilikuwa tayari inanguruma uani. Marsiana alipokea chupa, akaifuta. "Haya, jina."

Niliwatazama watu waliokaa kwenye benchi. Hapakuwa na hata mmoja wa kijiji chetu.

"Dada, mimi siwezi."

"Ni mkweo?"

"Ndiyo."

Akanipa kalamu na kipande cha karatasi. Nilikuwa nimesoma elimu ya watu wazima miaka miwili, nikapata cheti. Lakini mwalimu wetu alitufundisha kuandika kwa kuimba, ba, be, bi, darasa zima, na mkono wangu haukujua kuandika kitu ambacho mdomo haujakisema. Nilipogusa karatasi tu, midomo ikaanza kufunguka. Nikairudisha kalamu kama imeniunguza.

Huko nje dereva, Kazimili, Msukuma wa Shinyanga, alipiga honi. "Muuguzi! Mnaandika jina humo ndani au mnaandika Biblia nzima?"

"Subiri kidogo!"

"Mwandikeni Mzee, basi! Kwani kuna mzee mwingine anayekohoa Ngara?"

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Marsiana akatoa kichwa dirishani. "Kazimili, wewe mama mkweo unamtazama usoni?"

"Mimi tena? Nikimwona njiani naingia porini!"

"Basi zima gari."

Akazima kweli.

Marsiana alifungua droo akatoa mashine yake ya lebo. Nilikuwa nimeiona akiitumia kwenye chupa za dawa, kwa sababu lebo za karatasi zilibanduka kwa unyevu na mende wakazila. Ilienea kiganjani, kama koleo nene, na juu yake palikuwa na gurudumu lenye herufi zote. Unalizungusha mpaka herufi yako ifike kwenye alama, unabana mpini, ka! na herufi inatokea nyeupe, imevimba, kwenye mkanda mgumu wa bluu. Maji hayaifuti. Sijaona kifaa kidogo chenye akili kama kile.

"Mimi sitaki kulisikia," alisema. "Chapa mwenyewe. Hapa huandiki silabi, unachukua herufi mojamoja, na herufi moja si jina la mtu. Ila mkanda umebaki wa jina moja tu. Ukikosea hakuna mwingine."

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akanigeuzia mgongo, akaanza kuwauliza watu wa kwenye benchi habari za watoto wao, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti kubwa, ili asiwepo wa kunitazama.

Niliuma khanga meno yasiachane. Nikazungusha. Herufi ya kwanza nikaitazama sana kabla ya kubana. Ka! Haikuwa neno, ilikuwa alama tu. Nikatafuta ya pili. Mpini ulikuwa mgumu, ikanibidi nibane kwa mikono miwili. Kwenye ya tano kidole kiliteleza kwa jasho, gurudumu likapita alama, nikalirudisha polepole mpaka likakaa. Ziko nane. Ya nane ilipotoka mdomo wangu ulikuwa bado umefungwa.

Marsiana alikata mkanda, akabandua ngozi ya nyuma, akaubandika kwenye chupa. Alilisoma jina kwa macho peke yake. Kazimili akaipokea chupa kwa mikono miwili, akaiweka kifuani, ndani ya koti. Hakutania tena.

Wiki mbili baadaye dawa zilifika. Hospitali walikuwa wameibandua lebo ile kwenye chupa, wakaibandika kwenye kopo la vidonge. Theonest alimleta Baba kwa baiskeli, mimi nikimshikilia nyuma. Marsiana akampa kopo alishike wakati anachemsha sindano.

Baba hakujua kusoma. Alipitisha kidole gumba juu ya zile herufi zilizovimba, akaenda mpaka mwisho, akarudi.

"Hapa pana nini?"

"Jina lako, mzee."

"Nani aliyewapa?"

Niliinamisha macho. Marsiana hakunitazama hata kidogo.

"Ni mashine, mzee. Imelichapa bila mtu kulitaja."

Baba alinigeukia, akaniangalia kama anavyoangalia shamba lililopaliliwa vizuri.

"Basi ni mashine yenye adabu," alisema. "Mkazamwana, nishikie shati." Akalivua, akamgeuzia muuguzi mgongo wake mwembamba. "Choma, mwanangu. Mwenye jina nimekwisha fika."