Sajini Kazadi na Kigoda cha Mlangoni

Wafaransa walipokubali kwamba vita vya Indochina vimewashinda, mwaka ule wa 1954, redio ya Kolwezi ilitangaza mara moja tu. Kazi ya kurudia ilibaki kwa Kazadi. Huyu alikuwa kapita, msimamizi wa vibarua mgodini, na kabla ya hapo sajini wa jeshi aliyefika hadi Abisinia. Vita vyovyote vilivyopiganwa duniani aliviona kama mali ya ukoo wake. Kila jioni alikaa uani kwa jirani yake, Barnabé Mukalay, kopo la munkoyo, togwa ya mahindi, mkononi, akiwasahihisha majenerali.

Wapita njia walidhani anampenda sana Barnabé. Ukweli ni kwamba hakuwa na pa kwenda. Nyumba yake ilikuwa palepale, ng'ambo ya safu ya mipapai, na ilikuwa imetekwa.

Aliyeiteka ni mama mkwe wake, Mama Mianda, kizee mwembamba ambaye filimbi ya treni ingeweza kumpeperusha. Alikuwa ametoka Kasai kuja kumchukua binti yake Ngalula na mjukuu, ili babu mgonjwa amwone mtoto kabla hajafumba macho. Kazadi alikataa. Mke wa sajini, alisema, hazururi kwenye matreni. Hakusema kwamba yeye sajini hajui hata kuchemsha maji. Mama Mianda hakubishana. Alichukua kigoda, akakiweka mlangoni penye jua, akakaa.

Kwa watu wa Kasai, na Kazadi ni mmoja wao, hiyo inatosha. Mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe. Akimwona njiani anaingia majanini, na nyumba aliyomo haingii. Ndiyo maana mama mkwe mwenye adabu hufikia kwa jirani. Mama Mianda alilijua hilo vizuri sana, na kwa jirani hakufikia. Nyumba za kampuni ya mgodi, nazo, zilikuwa na mlango mmoja.

Kazadi hakukaa bure. Kwanza alituma habari kwamba mlango utapakwa rangi. Mama Mianda alishukuru, akaingiza kigoda ndani. Kisha Kazadi akajaribu dirisha la nyuma. Lilimpokea hadi kiunoni likabadili nia, na Barnabé ndiye aliyemvuta miguu, mikono ikimlegea kwa kucheka. Baridi ya Julai ikaingia, sajini akalala mkekani kwa watu, amejifunika koti lake la Abisinia. Ngalula alimpitishia bukari, ugali wa huko, kati ya mipapai, ikiwa ya moto, bila neno. Bukari aliweza kuimeza. Lile bila-neno ndilo lililomkwama.

Jioni moja Adolphine, mke wa Barnabé, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na Barnabé akachokoza.

"Tata Kazadi, mi kuna kitu sielewi. Bale Bafransa balikuwa na ndege, na mizinga, na bajenerali ba kila namna. Bale bengine balikuwa banatembea kwa miguu. Sasa Bafransa balishindwa juu ya nini?"

Kazadi akakohoa kama jenerali.

"Barnabé, we unafikiri vita ni nguvu? Vita ni kuchoka. Mufransa alikuwa mbali na kwake. Kila jioni anawaza kitanda chake, supu ya muke wake, batoto bake. Ule mwingine iko kwake tayari! Anakula, analala, asubuhi iko palepale. Hana haja ya kushinda, unasikia? Haja yake ni moja tu, asiondoke. Mwenye nguvu anashinda leo, anashinda kesho, na kila siku anajiuliza: mi natafuta nini huku? Siku anakosa jibu, njo siku anashindwa."

Mchi ukasimama. Adolphine alikuwa ameuma ncha ya kitenge chake, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Na ile supu ya muke wake, Tata," alisema, "banamupitishia kati ya mipapai?"

Kazadi alifungua kinywa amkaripie. Ng'ambo ya pili mtoto alicheka, na sauti ya Mama Mianda ikampigia vigelegele. Kazadi akanyoosha shingo. Mwanawe alikuwa amesimama wima kwa miguu yake, amekishika kigoda. Amejua kusimama tangu lini?

"Tangu juzi," Barnabé alisema taratibu, kana kwamba ameulizwa. "Ulikuwa unatuelezea mizinga."

Kazadi aliweka kopo chini. Alivaa koti la jeshi, akafunga vifungo vyote, akaenda hadi pembeni mwa nyumba yake na kuupa mlango mgongo. Kusema na mkwe moja kwa moja haifai, kwa hiyo alimchagua kuku aliyekuwa akiparua hapo.

"Wewe kuku!" alisema kwa sauti ya gwaride. "Mwambie Mama, treni ya Tenke, ile ya kwenda Kasai, ni kesho. Ngalula na mutoto batapanda. Babu amwone." Akalinyoosha koti. "Na umwambie... barudi."

Kuku akaenda zake. Sauti nyembamba ikatoka mlangoni.

"We kuku, mwambie mukwe wangu aksanti. Na umwambie kigoda chake ni kibaya, mugongo umenimaliza. Bitu byangu nilishafunga asubuhi. Ile treni ya kesho ningepanda peke yangu."

Wa kwanza kucheka alikuwa Ngalula, humo ndani. Kazadi hakugeuka, adabu ni adabu, lakini mabega ya koti la Abisinia yalianza kutikisika, na hayakuacha upesi.

Kesho yake, treni ilipokwisha kuondoka, aliingia nyumbani kwake kwa mlango, akatoka kwa mlango, akaingia tena. Hakuna aliyemzuia. Jua liliposhuka alilitazama jiko, jiko likamtazama. Akapita kati ya mipapai.

"Mama Adolphine," alisema, akivuta kiti, "habari za Bataliano kule Abisinia nilikwisha kukuambia?"

"Kaa, Tata," Adolphine alijibu, akiongeza unga kwenye sufuria. "Bukari iko karibu."