Miguu Imefika Ofisini

Jumatatu ile ya kurudi ofisini, Dada Madai alipiga pasi suruali. Kwa miaka miwili alikuwa akipiga pasi blauzi tu, kwa kuwa kamera ya kompyuta ilimwona kuanzia kifuani kwenda juu, na huko chini alijikalia na suruali ya kulalia iliyopauka magotini. Juu mtu wa bima, chini mtu aliyetoka kitandani. Hakuna aliyelalamika. Kazi ilikwenda.

Alikuwa karani wa madai katika kampuni ya bima, na jina la utani lilimganda kutokana na hilo, hata majirani walilitumia. Kazi yake ilikuwa kusoma habari za watu waliogongana na kuamua nani anasema kweli. Wiki hiyo alikuwa na mteja aliyeapa kwamba ukuta ulikuwa ukirudi nyuma bila kupiga honi, ndipo ukamgonga.

Akavaa suruali, akafunga mkanda, akatia miguu kwenye viatu vyeusi vya kamba. Alipojinyoosha kuchukua mkoba, kiuno kikaachia. Hakikuuma. Kilitoa sauti ndogo, kama kifuniko cha chupa ya dawa kinapofunguka. Sehemu ya juu ikabaki kwenye kiti cha magurudumu mbele ya kompyuta, mahali ilipozoea. Sehemu ya chini ikasukuma mlango kwa goti, ikaenda kazini.

"Umeacha mlango wazi," baba yake alisema kutoka sebuleni.

"Si mimi, baba. Ni miguu."

"Basi ikirudi uiambie. Mbu hawabagui."

Baba alikuwa refa wa mpira, amestaafu. Kiharusi kilikuwa kimempitia upande wa kushoto, na tangu hapo aliita watu kwa filimbi: mlio mfupi maji, mfupi mara mbili choo, mara tatu mazoezi, mrefu analalamika tu. Mtaalamu wa viungo alikuwa ameagiza atembezwe koridoni kila asubuhi, mwili ukiwa bado na nguvu, na awe na mtu wa kutembea naye kiuno kwa kiuno, hatua kwa hatua. "Mguu ukizoea kulala," alisema, "hauamki." Basi siku zote za kufanyia kazi nyumbani, ilipofika saa ya chai, Dada Madai aliuacha ukuta na mteja wake wagombane peke yao, akamshika baba, wakatembea. Walikuwa wameshafika mlango wa jikoni. Baba alitaka kufika getini kwa miguu yake mwenyewe, kwa sababu ng'ambo ya barabara watoto wa shule walicheza mpira bila refa, na aliwaona dirishani wakiotea mchana kweupe. Ilimnyima usingizi.

Kaka wa Dada Madai alikuwa mbali, na alisaidia kwa ushauri.

Ofisini, miguu ilipokelewa na mlinzi wa mlangoni, mzee wa maneno. Akaitazama kutoka kiatuni hadi mkandani, na kwa kuwa hapakuwa na zaidi ya kutazama, akaishia hapo. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," akasema. Akashika kitambulisho kilichoning'inia mkandani, akakigusisha kwenye mashine. Mashine ikalia, ikaonyesha: amefika.

Meneja aliitwa Bwana Tuonane, kwa sababu kila ujumbe wake uliishia na neno hilo. Yeye alikuwa na kawaida yake. Madawati ya idara yalitenganishwa kwa mbao ndefu ambazo hazikufika sakafuni, na kuchungulia watu kwa juu alikuona ni utovu wa adabu. Kwa hiyo asubuhi alisimama mwisho wa chumba, akainama kama mtu aliyedondosha ufunguo, akahesabu viatu chini ya madawati, akagawa kwa mbili. Hivyo ndivyo alivyojua nani kaja. Aliyekunja miguu juu ya kiti alihesabiwa kuwa mtoro.

Akaona viatu vyeusi vya kamba, vimetulia, visigino pamoja. Akaridhika.

Kule nyumbani, kabla ya adhuhuri, Dada Madai alikuwa amemaliza habari ya ukuta. Ukuta ulishinda.

Habari kama hizi hazifichiki. Jioni ya pili alipigiwa simu na mwenzake wa dawati la jirani, aitwaye Mama Pacha, ambaye pacha wake walikuwa wameanza kutambaa, kila mmoja upande wake.

"Shoga, hebu niambie, unafanyaje?"

"Sifanyi. Kinaachia chenyewe."

"Changu kimegoma. Nimejivuta mpaka mume wangu ameniuliza kama nataka kupelekwa hospitali."

"Umefunga mkanda?"

"Mkanda wa nini, na mimi nina gauni?"

"Vaa suruali, mama. Kiuno kinataka kujua mpaka uko wapi."

Asubuhi yake miguu ya Mama Pacha iliketi ofisini, soksi hazifanani, na Mama Pacha mwenyewe alikuwa nyumbani akijibu barua za wateja, mtoto mmoja chini ya kila kwapa. Kufikia mwisho wa mwezi idara nzima ilikuwa imeshika njia hiyo. Asubuhi barabarani ilipita miguu ya watu wa bima, imenyooka, ina haraka. Haikumsalimia mtu. Majirani walisema hawa watu wa ofisi tangu waanze kurudi kazini wamekuwa na maringo.

Na kazi ikapanda. Midomo ilikuwa imebaki nyumbani, kwa hiyo ofisini hapakuwa na mtu wa kuuliza "una dakika moja?" akala saa nzima. Hapakuwa na habari za nani kaachana na nani. Mara moja tu miguu miwili ya ukaguzi ilikutwa ikikanyagana kimahaba chini ya meza, ikapewa onyo. Kwenye kikao cha Jumatatu, Bwana Tuonane alizungumza kwa kirefu juu ya tija, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Miguu ikanyamaza. "Nafurahi tunapoelewana," akasema.

Tatizo lilikuwa koridoni.

Siku ya kwanza baba alipopuliza filimbi ya mazoezi, Dada Madai alisukuma kiti chake cha magurudumu mpaka ubavuni kwake. "Nishike bega," akasema. Baba akamshika, akainua mguu wa kushoto, na kiti kikateleza kama sabuni. Alidakwa na ukuta. Ukuta huo hata honi haukuwa nao.

"Kiti hakina hatua," baba alisema alipokwisha kukaa. "Mtu hawezi kujifunza hatua kwa kitu kisicho na hatua."

Jioni, miguu ilirudi na Dada Madai akaivaa. Lakini ilikuwa imekaa kutwa, magoti yamejikunja kama pembe ya kiti, na ilichukua muda mrefu kunyooka. Kufikia hapo baba alikuwa ameshachoka, mguu wake wa kushoto umelala. Wakajaribu hivyo hivyo. Koridoni walionekana watu wawili waliochuchumaa nusu, wanashikana, hawajui nani anamsaidia nani. Wiki ya kwanza hawakufika tena mlango wa jikoni. Wiki ya tatu baba aliacha kupuliza filimbi ya mazoezi. Alipuliza ile ndefu tu.

Dada Madai akampigia meneja.

"Dada!" Bwana Tuonane alisema. "Nakuona hapa umetulia. Hongera."

"Asante, meneja. Naomba miguu irudi kila asubuhi saa ya chai, nimtembeze mzee, halafu nitaileta. Kazi haitasimama, kichwa na mikono viko huku."

"Pole na mzee. Ila hiyo miguu ndiyo namba moja kwa mahudhurio idarani. Nikiiachia, mingine itasemaje?"

"Haisemi, meneja."

"Ndiyo maana naiheshimu."

"Lakini madai ya mwezi huu nimeyamaliza yote."

"Na nani amekataa? Kazi yako nimeipenda. Nazungumzia kuwepo." Akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya ukoo. "Mimi nisichokiona, dada, hakipo. Tuonane."

Siku chache baadaye makao makuu yalitoa matokeo. Tija ya idara ilikuwa imepanda kuliko wakati wowote. Bwana Tuonane akaeleza kwamba hayo ndiyo matunda ya kurudi ofisini, na kwa kuwa siku tano kwa wiki zimeleta hayo, sita zitaleta makubwa zaidi. Miguu ya Dada Madai ikapewa zawadi ya mfanyakazi bora, kikombe cha chai chenye nembo ya kampuni. Kwa kuwa haikuwa na mahali pa kushikia, kikombe kiliwekwa juu ya paja, ikapigwa picha.

Jioni hiyo Dada Madai alivaa miguu na kushindwa kusimama kabisa. Magoti yalikataa. Akabaki sakafuni, kikombe pembeni. Baba alimtazama kutoka kwenye kiti chake, akapuliza filimbi kali, ile ya kusimamisha mchezo.

"Njoo hapa."

"Siwezi kuja, baba."

"Basi nisikilize hapo hapo. Huyo bwana wako, anapotaka kujua nani kaja, anaangalia nini? Uso?"

"Hapana."

"Mikono?"

"Anainama, anahesabu viatu."

Baba akashusha filimbi. Kwa miaka mingi alikuwa amewapa kadi watu wazima waliokuwa wakilia, na uso wake ulikuwa bado na ile hali.

"Sasa mwanangu, umesoma, una kazi ya kujua nani anasema kweli. Mtu anahesabu viatu. Wewe unampelekea miguu ya nini?"

Dada Madai akafungua kamba. Akavipanga viatu mlangoni, akaning'iniza kitambulisho kwenye kamba ya kiatu cha kulia. Asubuhi viliondoka vyenyewe. Njia vilikuwa vinaijua. Mlinzi aliinama kugusisha kitambulisho, akashika kiuno. "Kampuni hii inanizeesha," akasema. Mashine ikalia: amefika.

Bwana Tuonane aliinama, akahesabu, akagawa kwa mbili. Hesabu ilikuwa sawa.

Saa ya chai, Dada Madai alifunga kompyuta, akatembea kwa miguu yake miwili, iliyokwisha kunyooka usiku kucha, hadi sebuleni, peku, akamshika baba kiunoni. Mguu wa kushoto wa baba ulikuwa umelala usingizi mzito. Ilibidi kuuamsha pole pole, na ulinuna siku nyingi. Wakafika mlango wa jikoni. Wakaupita. Baada ya mvua kukatika, wakaongeza matembezi ya jioni, wakafika getini.

Siku waliyofika getini ndiyo siku Bwana Tuonane alipopiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha.

"Dada, idara imepata msimamizi mpya. Hachelewi, habishi, hana habari za wagonjwa nyumbani. Kuanzia mwezi ujao kazi zako zote utampelekea yeye azipitie."

"Nani, meneja?"

"Jina silijui. Vyeusi, vya kamba. Saizi thelathini na tisa."

"Navijua."

"Basi itakuwa rahisi kwako. Tuonane."

Akarudi getini. Baba alikuwa ameegemea nguzo kwa mkono wa kulia, filimbi mdomoni. Ng'ambo ya barabara mtoto mmoja akaotea. Filimbi ikalia, mtoto akasimama, akaangalia huku na huku, akarudisha mpira bila kubisha. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyelipwa malimbikizo yake yote.

Viatu vya ofisini, kwa kuwa idara nzima ilikuwa imeiga tena, vilianza kurudi, jozi kwa jozi, vinapita pembeni ya barabara. Vya Mama Pacha vilipita vikikimbia. Kisha vikaja vile vyeusi vya kamba, vinatembea katikati ya njia, taratibu, ncha juu kidogo. Vikapita kati ya baba na binti, vikaingia ndani, vikajipanga kwenye zulia la mlangoni.

"Hata salamu?" baba akauliza.

"Viache, baba. Ndiye bosi wangu."

Akamgeuza baba pole pole, wakarudi ndani hatua kwa hatua. Alipokwisha kumkalisha, akaenda kutafuta brashi na kiwi, kwa sababu kesho asubuhi vilikuwa na kikao.