Hesabu ya Watu Waungwana

Zilikuwa zimebaki siku nane za kampeni, na Mwalimu alikuwa hatulii. Akipewa kiti anakikalia nusu. Akipewa chai anainywa amesimama, ingali inachemka, halafu anailaumu chai. Miaka kumi na moja alifundisha hesabu, akaweka chaki chini kwa hiari yake ili aingie kwenye kazi ya kampeni kama mratibu wa kata, na ndugu zake walimwona kama mtu aliyeruka kutoka kwenye gari linalokwenda. Mume wake hakumgombeza. Aliuliza tu, mara moja kwa wiki, kwa upole unaoudhi kuliko matusi: "Na uchaguzi ukiisha, mama watoto?"

Jibu alikuwa nalo Mshauri. Huyo ndiye aliyeajiriwa kuendesha kampeni nzima ya mgombea wao, bwana wa suti ya kijivu na simu tatu, aliyeendesha kampeni tisa na kushinda sita. Hizo tatu nyingine hazitajwi mbele yake. Waratibu wake wa kata aliwaambia waziwazi kwamba uchaguzi ukiisha wote watarudi makwao, isipokuwa mmoja atakayemchukua awe msaidizi wake wa kudumu: yule ambaye hesabu yake itakwenda sawa na kura. Kisha wiki iliyopita akamvuta Mwalimu pembeni. "Mpaka sasa ni wewe," akamwambia. Tangu hapo ndipo viti vilipoanza kumchoma.

Hesabu yenyewe haikuwa na uchawi. Vijana wa kujitolea walibisha hodi nyumba kwa nyumba, wakaomba kura, kisha wakaandika namba mbele ya kila jina. Moja ni wetu kabisa, tano ni wa upande wa pili, na katikati ni wanaoyumba. Kushinda kata yake kulihitaji kura elfu tatu na ushei, na Mwalimu alikuwa na "moja" elfu sita mia mbili na kumi. Alikuwa akiitazama namba hiyo kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyenenepa. Ilitakiwa ofisini Jumanne hiyo, saa kumi alasiri.

Saa sita mchana alipita kwa shangazi yake ale chochote. Alikuwa jikoni, sahani mkononi, amesimama bila shaka, aliposikia hodi sebuleni. Akachungulia. Vijana wawili wamevaa fulana za upande wa pili.

"Karibuni wanangu! Jua lote hili mnatembea?" Shangazi akawaletea maji. Walikunywa, wakajieleza, wakaomba kura.

"Kura yangu mnayo, wanangu. Andika kabisa, usiwe na wasiwasi."

Kijana akaandika. Walipotoka, Mwalimu alitokeza na tonge bado shavuni.

"Shangazi! Umewapa kura?"

"Nimewapa maji."

"Nimesikia kwa masikio yangu. Umesema kura yako wanayo!"

"Sasa ulitaka nisemeje? Watoto wa watu wametoka juani, nianze kuwafukuza mlangoni? Mimi nimelelewa, mwanangu."

"Na vijana wangu walipokuja?"

"Hao nao walikuwa wanatoka jasho, maskini."

"Kwa hiyo utampigia nani?"

Shangazi alimtazama kama aliyeulizwa umri wake. "Wewe, hayo ni yangu na sanduku la kura. Kula, chakula kinapoa."

Chakula kilipoa. Mwalimu aliijua kata yake, na kata yake nzima ni watu wa namna hii. Hakuna anayemkatalia mgeni mlangoni. Hata mwenye deni lako atakukaribisha kiti. Na yeye, mwalimu mzima wa hesabu, alikuwa amezijumlisha adabu za watu akaziita kura! Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Akatoka bila kunawa. Alichukua majina ishirini na moja ya mtaa ule, yote yameandikwa moja, akaenda mwenyewe mlango kwa mlango. Safari hii hakuomba kura. Aliuliza tu: "Siku ile utakwenda kituoni saa ngapi, na nani?" Aliyekwisha kuamua amekwisha kupanga.

"Saa moja kamili, kabla sijafungua," alijibu fundi viatu bila kuinua macho. "Na mke wangu. Mtoto anabaki kwa jirani, tumeshaongea." Huyo ni kura.

Mlango wa pili mama mmoja alitabasamu vizuri sana. "Ah, tuko pamoja, Mwalimu! Kwani siku yenyewe ni lini vile?"

Kati ya watu ishirini na mmoja, saba tu walikuwa na saa na mwenzi wa kwenda naye. Theluthi. Elfu sita na kitu zikasinyaa zikawa elfu mbili na sabini.

Saa tisa na nusu alikuwa akizunguka nje ya ofisi ya kampeni, anakwenda mpaka kwenye geti, anarudi. Angeweza kunyamaza. Waratibu wenzake walikuwa wametia chumvi bila hata kujua, na nani angemlaumu yeye peke yake? Lakini kazi aliyoitaka ilikuwa ya kuhesabu, na hii ndiyo hesabu. Akapiga moyo konde, akaandika elfu mbili na sabini, akaingia.

Mshauri alisoma karatasi mara mbili. Mwalimu alimweleza yote, ya shangazi na ya fundi viatu, akingoja radi. Radi haikuja. Mshauri alicheka, akafungua kabati. Ndani ya mlango wake palikuwa na orodha ya kata zote, na mbele ya kata ya Mwalimu pameandikwa, tangu hesabu ya wiki iliyopita, elfu mbili na hamsini.

"Miaka kumi na minne nakata kila hesabu mnayoniletea. Nabakiza theluthi," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuikata mwenyewe. Kazi ni yako."

Mwalimu alitaka kufurahi, lakini jicho lake lilikuwa limeona mstari mwekundu. "Umeipiga kata yangu mstari?"

"Hiyo imekwenda. Magari yanaenda kwingine."

"Na Mkunga anajua?"

Mkunga ndiye mgombea wao. Alizalisha wanawake wa wilaya ile miaka thelathini kabla ya siasa, na jina la kazi halikumwacha.

"Yeye anajua elfu sita. Mgombea anahitaji kuamka anatabasamu. Usimwambie."

Mwenyewe akaingia papo hapo, viatu mkononi, miguu imevimba kwa kutembea. "Mwalimu! Kwako tunashinda, sivyo?"

Mshauri alikohoa. Msaidizi wa kudumu, Mwalimu alijiambia. Neno moja tu, ndiyo.

"Hapana, mama. Leo tunashindwa. Lakini hawajatukataa, hawajaamua tu. Nipe magari manne na vijana arobaini, niwapitie wote upya."

Mkunga alimgeukia Mshauri. "Ulijua?"

"Nilitaka uwe na nguvu."

"Nguvu! Mimi habari mbaya nilikuwa napewa mlangoni, kabla sijavaa glavu, ndipo mama na mtoto wanapona." Akavaa viatu vyake kwa hasira. "Mpe magari. Na kuanzia leo, Mwalimu, hesabu niletee wewe."

Mshauri alimfuata Mwalimu mpaka kwenye ngazi. Hakuwa amekasirika, na hilo lilitisha zaidi.

"Ile kazi, sahau."

"Kwa kuwa nimesema kweli?"

"Kweli ninayo kabatini, umeiona. Mimi nauza kitu kimoja tu, kuaminiwa. Mgombea akishaanza kukuuliza wewe, mimi nina nini cha kuuza?" Akampa mkono. "Ukipata mteja wako mwenyewe, utanielewa."

Alikuwa anamwelewa tayari, na ndiyo maana iliuma mpaka mbavuni. Alisimama akishikilia reli ya ngazi, machozi yamemlenga, huku chini magari manne yakiwashwa na vijana wakimwita waanzie mtaa upi. Zilikuwa zimebaki siku nane za kazi aliyoipenda kuliko zote maishani mwake, na leo jua lilikuwa na saa mbili tu. Akashuka ngazi mbilimbili.