Nguo ya Mwaka wa Nzige

Coleta aliuza mitumba katika soko la Sumbawanga, na hakuwa muuzaji wa kubahatisha. Miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa na marobota yakaanza kupanda milima kwa malori, wenzake walikimbilia magauni yenye maua. Yeye alichagua masweta. Ufipa ni nchi ya baridi; upepo wa Juni na Julai hauulizi mtu kama amependeza. Kwa hiyo meza yake haikukosa watu, na wanawake wa vijijini walimjua kwa jina la binti yake, Mama Faith.

Julai ya mwaka themanini na nane alifika mezani kwake mama mmoja wa kijiji cha Kate, jina lake Scola, akitaka sweta la mtoto. Fedha hakuwa nazo. Alikuwa na debe la ulezi, nao ameufunika kwa kitambaa kizito, cheupe kilichogeuka rangi ya udongo, chenye mistari myeusi iliyokikata kwa upana. Coleta alikishika kwa nia ya kukisogeza tu aone ulezi. Mkono ukagoma kuachia. Kilikuwa kinene kama blanketi, na alipokipitisha kati ya vidole aliuhisi kila uzi.

"Hiki umekipata wapi, dada?"

"Cha bibi hicho. Zamani wanaume wa kwetu walikuwa wakifuma. Sasa kinafunikia ulezi."

"Basi ulezi baki nao. Nipe hiki, uchukue sweta."

Scola alimtazama kama anayemtafutia homa usoni. "Na sweta nichague mwenyewe?"

"Chagua."

Jioni ile nyumbani Milanzi, Coleta alimwekea mama yake kitambaa magotini. Bibi Kalista alikuwa mzee wa kukaa jikoni akiota moto, na siku hizo maneno yake yalikuwa machache. Alipapasa mistari: mmoja mnene, mitatu myembamba, kisha mnene tena.

"Mama na Watoto," alisema. "Ndilo jina la mistari hii. Baba yangu alikuwa nayo ya namna hii, akiifunga begani siku za sherehe. Sisi wasichana tulisokota nyuzi mpaka vidole vikaota sugu. Kufuma ilikuwa kazi ya wanaume." Kisha akaongeza, "Majora ya vitambaa vya dukani yalipoingia, waliacha mmoja mmoja. Hata hatukugundua ni lini aliacha wa mwisho."

Maneno hayo yalimkaa Coleta. Tangu hapo kila mteja wa kijijini aliulizwa: kwenu hakuna nguo ya zamani ya kufuma? Zikaanza kuja. Moja ilikuwa imeziba dirisha mahali pa kioo. Nyingine ilishonwa ikawa mto, nyingine ilitandikwa chini ya godoro la nyasi. Alitoa sweta jema kwa kila moja, wakati mwingine mawili, na alikuwa na mwiko wake: nguo iliyoletwa na mtu mwenye njaa au mwenye mgonjwa hakuichukua, alimpa sweta akamrudisha nayo. Sokoni walimpa jina, Mama Kuukuu, mwanamke anayetoa kizuri achukue kitambara. Hakujali. Mumewe, Yusto, alikuwa seremala. Alimtengenezea kasha la mninga, naye akazipanga humo pamoja na majani makavu ya tumbaku ya kufukuza wadudu.

Kila nguo ilikuwa na kadi yake, iliyokatwa kwenye katoni ya sabuni: imetoka kijiji gani, kwa nani, na mistari yake inaitwaje. Majina aliyapata kwa mama yake. Bibi Kalista alipofariki mwaka wa tisini na moja alikuwa ameshamtajia tisa, na Coleta aliyakariri kama sala.

Mwaka uliofuata ikaja nguo iliyomshinda. Aliipata kwa Hellena, mke wa Masunga, wa familia ya wafugaji Wasukuma waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Wao waliipata kwa jirani kwa kubadilishana na maziwa. Ilikuwa Mama na Watoto kama ile ya kwanza, lakini mahali pamoja mstari mweusi ulianzia upindo wa kushoto, ukafika katikati ya nguo, ukakoma. Upande wa pili uzi mweupe uliendelea peke yake, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Coleta aliuliza wazee wa Milanzi, aliuliza sokoni, aliuliza mpaka kwa watu waliokuja mjini kumtembelea mgonjwa. Hakuna aliyejua. Ile kadi tupu ilimkera kama jino bovu. Siku moja, akiitazama nguo imetandazwa kitandani, alifikiria mvua ya Ufipa, inayoanza kwa kishindo mlimani ikakatika kabla ya kufika bondeni. Akaandika kwa penseli, "Njia ya Mvua". Baada ya miezi kadhaa akaikoleza kwa kalamu ya wino. Alipowaonyesha wageni aliwaambia jina hilo bila kusita, na kadiri alivyolisema ndivyo lilivyozidi kuwa kweli.

Agosti ya mwaka tisini na tatu, parokia ya Kate ilikuwa na sikukuu, na Scola, ambaye hakuwahi kusahau lile sweta, aliwaambia wakubwa wa parokia habari za Mama Faith na kasha lake. Wakamwomba aje azitundike nguo zake ukumbini. Coleta hakulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Yusto alichonga fito za kutundikia, wakapakia kasha kwenye pick-up, na baada ya Misa watu wa Kate wakakuta ukuta mpaka ukuta umejaa nguo za babu zao, thelathini na moja kwa hesabu.

Mabibi walizinusa. Mmoja aliegemeza shavu kwenye nguo moja akabaki hivyo muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Coleta alisimama katikati ya ukumbi na kijiti mkononi, amevaa kitenge kipya, akieleza moja baada ya nyingine. Aliona namna watu walivyonyamaza kumsikiliza. Aliwaona vijana waliokuwa wakicheka mlangoni wakivua kofia. Katika maisha yake yote ya kupanga na kupangua masweta hakuwahi kusimama wima kiasi kile.

"Na hii," alisema, "ndiyo inayopatikana kwa nadra kuliko zote. Inaitwa Njia ya Mvua. Mfumaji alikata mstari kwa makusudi, kuonyesha mvua inayoanzia mlimani ikaishia njiani."

"Nani amekuambia?"

Sauti ilitoka mbele. Alikuwa mzee mwembamba, macho yake yameingia ukungu, ameshikwa mkono na binti yake aliyekuwa mtu mzima.

"Shikamoo, baba," alisema Coleta.

"Marahaba. Nani amekuambia?"

"Ndivyo inavyosemekana."

"Inasemekana na nani?"

"Baba," binti yake alimvuta kidogo, "mwache mama wa watu aeleze."

"Evodia, nipeleke nikaishike."

Watu wakampisha. Mzee aliishika nguo kwa mikono miwili, akaushusha mkono polepole mpaka ule mstari uliokoma, kisha akaufuata upindo hadi kwenye pembe. Hapo palikuwa na fundo dogo ambalo Coleta alikuwa ameliona mara nyingi bila kulitilia maanani. Mzee aliligeuza huku na huku kwa kidole gumba. Mabega yake yakaanza kutikisika, na ilichukua muda watu kutambua kuwa anacheka.

"Fundo hili limepinda upande usio wake," alisema. "Huyu aliyelifunga alikuwa wa mkono wa kushoto. Katika wafumaji wote wa huku wa shoto alikuwa mmoja, na baba yake alimchapa sana kwa ajili hiyo. Ni mimi, Isdori. Nguo hii nimeifuma mimi, na hapo si mvua. Hapo nilikosea."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mtu mmoja nyuma alirudia, "Alikosea," na kicheko kikaanza upya. Coleta alisikia masikio yakimwaka. Alitamani aitoe nguo pale ukutani, aifunge kasha, arudi Sumbawanga kwa mtu anayeuliza bei ya sweta tu. Akamtazama Yusto. Yusto hakucheka, alitoa penseli yake ya useremala nyuma ya sikio, akamnyooshea.

Coleta akaipokea. Mbele ya watu wote alichukua kadi, akaifuta Njia ya Mvua kwa mstari mmoja.

"Jina hilo nilitunga mimi," alisema. "Nilikosa wa kumuuliza. Sasa nimempata. Baba, nitajie jina lako kamili niandike, halafu utueleze ilikuwaje."

Kicheko kikafa. Wakamletea mzee kiti, naye akaeleza.

Alikuwa na miaka kumi na nne. Baba yake, Zenon, alikuwa fundi ambaye watu walimfuata kutoka mbali, na kwa mara ya kwanza alikuwa amemwachia kijana wake nguo nzima. Isdori alikuwa ameshapitisha uzi mweusi nusu ya upana pale mbingu zilipogeuka kahawia. Nzige. Walipanda kutoka bondeni kama moshi. Alitupa kila kitu akakimbilia shamba la ulezi pamoja na wengine, wakapiga madebe na kuchoma majani mabichi siku mbili. Hawakuokoa kitu. Aliporudi kwenye mtambo wa kufumia alikuwa na njaa na vumbi, akashika uzi mweupe, akaendelea.

"Baba alipokuja kuona, kipande kirefu kilikuwa kimeshafumwa. Nyuzi hazikuwepo za kufumua na kuanza upya. Alisema nguo hii isivaliwe na mtu wa kwetu. Akaipeleka bondeni, akabadilisha kwa chumvi." Mzee alipangusa macho. "Baada ya hapo nilifuma miaka kumi na miwili. Hakuna nguo yangu nyingine iliyotoka na kosa. Muulizeni yeyote." Kisha akakumbuka kwamba hapakuwa na wa kuulizwa. "Waliozivaa walizikwa nazo. Zilizobaki zilichakaa. Sasa mnaniletea hii."

Coleta alitazama ukuta. Kadi nyingine thelathini zilikuwa na vijiji, mistari na watu waliompa nguo. Hakuna hata moja iliyokuwa na jina la aliyefuma. Miaka mitano alikusanya kazi za mikono ya watu, na hakuwahi kuuliza mikono hiyo ilikuwa ya nani. Na sasa mkono mmoja ulikuwa hapa, mbele yake, ungali na joto. Aibu ilimtoka, mahali pake pakaingia kitu kikubwa zaidi. Aliitoa nguo kwenye ufito, akaikunja, akaiweka magotini pa mzee.

"Ni yako, baba."

"Nina blanketi," alisema Isdori. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaikamata. "Naichukua. Ila mimi si ombaomba. Nitakufumia nyingine."

"Baba, macho," alinong'ona Evodia.

"Macho hayafumi."

Watu walidhani ni maneno ya sherehe. Wiki iliyofuata Yusto alikwenda Kate na kipande cha kamba, akapima kila mti ambao mzee alimwelezea kwa mikono, akarudi mjini akachonga mtambo. Hellena alisikia habari akatuma kutoka bondeni gunia la pamba, kwa kuwa Msukuma na pamba hawatupani. Evodia na Coleta wakasokota. Nyuzi zao za kwanza zilikuwa na mafundo kama mkia wa mbuzi mgonjwa, na mzee alizitupa zote.

Mwezi wa kumi wakatandika mtande, zile nyuzi za urefu, uani kwa Isdori. Alifuma shibiri moja, imenyooka kama iliyochorwa kwa rula, kisha akashusha mikono. Mabega yalikuwa yamekataa. Alipumua kidogo, akasogea pembeni ya mkeka.

"Kaa hapa," alimwambia Coleta.

"Mimi ni mwanamke, baba."

"Hilo naliona hata kwa macho haya. Kaa."

Akakaa. Kila Jumamosi alimwachia Faith meza ya masweta akapanda gari la kwenda Kate. Isdori alikaa karibu yake na vidole juu ya nguo, na pale Coleta alipolegeza uzi alimgonga kifundo cha mkono. "Fumua." Alifumua. Siku nyingine alifumua kazi ya asubuhi nzima, akarudi Milanzi na mgongo unaouma na kitambaa kifupi kuliko alivyokiacha. Mvua ikaja, wakahamishia mtambo ndani. Krismasi ikapita. Kabla ya Pasaka walikata nguo kwenye mtambo, mita moja na nusu.

Mzee aliipitia yote kwa vidole, upindo kwa upindo, mara mbili. Coleta alisubiri.

"Imekaa," alisema Isdori.

Jumapili ya Pasaka mzee alitoka Misa amejifunga yake begani, ile ya mwaka wa nzige, na nusu ya mstari wake ikionekana wazi mgongoni. Coleta alitembea kando yake na ile mpya. Mbele ya kanisa rafiki mmoja wa mzee aliwasimamisha, akaishika nguo mpya, akaivuta kupima nguvu.

"Nani kafuma?"

"Fundi huyu hapa," Isdori alimgusa Coleta begani. "Fundi wa Kate."

"Huyu si ndiye muuza masweta wa Sumbawanga?"

"Masweta anauza Sumbawanga," alisema Isdori. "Ufundi ameuchukua kwangu."

Yule rafiki alimtazama Coleta toka kichwani mpaka miguuni, kisha akaitazama tena nguo, akageuza upindo na kuuchunguza kwa ndani, mahali ambapo fundi mbaya hujificha. Hakuona kitu. Coleta alinyoosha mgongo, akaweka mkono juu ya nguo yake, akamwamkia.