Kinachotangulia Majini

Wingu lilikuwa limekaa juu ya milima ya Ngong tangu asubuhi, jeusi kama tako la sufuria, na Priscilla alijua maana yake kabla kaka yake Leshan hajageuka kulitazama. Mvua ikinyesha kule juu, mto Kitengela hujaa huku chini hata kama hakuna tone lililoanguka. Walikuwa na saa moja, labda na nusu. Ng'ombe wao walisimama ukingoni, mbavu nje, wakinusa maji bila kutia kwato.

"Kitangulizi cha mafuriko," Priscilla alijikuta akisema.

Leshan akamkata jicho. "Leo usianze na hilo neno."

Hilo neno lilikuwa la baba yao. Alilipata ukubwani, katika masomo ya gumbaru pale kanisani, mwaka wa tisini na tatu, akalipenda kama mtu apendavyo fimbo mpya. Mwalimu aliwaambia kwamba kitangulizi ni kitu kinachokuja kabla ya kingine. Basi mzee akarudi nyumbani akaanza kugawa jina. Kikohozi cha mgeni langoni, kitangulizi. Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ng'ombe akizaa, kitangulizi. Upepo wenye harufu ya udongo uliolowa mbali, kitangulizi. Mama yao alipoanza kusugua masufuria kwa nguvu kuliko uchafu wenyewe, mzee alichukua fimbo yake akatoka nje taratibu, akimnong'oneza Priscilla, "Hicho ni kitangulizi, binti yangu. Tukae mbali."

Priscilla alipofika kidato cha tatu huko Kajiado, alimletea habari kwamba hata vitabu vina kitangulizi, kurasa chache za mbele kabla maneno yenyewe hayajaanza. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe hata kitabu hupiga hodi!"

Ila alikuwa na sharti moja. Kitangulizi lazima kifuatwe. "Kitu kikienda mbele kisifuatwe," alikuwa akisema, "hicho kimepotea tu."

Mzee alikufa Agosti ya mwaka huo wa elfu mbili, huko Kimuka, walikokuwa wamehamishia ng'ombe kwa sababu ya ukame. Ugonjwa wa kifua, siku nne. Mchungaji alisimama kaburini akasema, "Ametutangulia," na Priscilla akashindwa kujua akasirike au alie. Tangu siku hiyo jina la mzee halikutajwa. Kwao jina la marehemu halitamkwi ovyo, na ingawa walikuwa watu wa kanisa, Leshan alilishika jambo hilo kuliko wazee wenyewe. Habari za mzee pia zilikwisha, maana utamsimulia vipi mtu usiyeweza kumtaja? Priscilla alikuwa na daftari ambamo kila kitu ambacho mzee alikiita kitangulizi kilipata ukurasa wake. Alikuwa amefikisha kurasa thelathini na moja, na ule wa thelathini na mbili ulikuwa umekataa kuja. Aliogopa kwamba ndio mwanzo wa kusahau.

Sasa Mama alikuwa ametuma neno kutoka nyumbani, ng'ambo ya mto: mvua imenyesha, majani yameota, leteni ng'ombe. Siku tano walikuwa njiani. Upande huu walipokwama hapakuwa na nyasi, palikuwa na seng'enge na mawe ya mipaka ya ploti. Kila asubuhi walikuwa wakiwainua ng'ombe dhaifu kwa mikia ili wasimame. Mto ukijaa ungewafungia siku tatu au nne, na siku tatu hawakuwa nazo. Ng'ombe wangekufa wakitazama majani mabichi ng'ambo.

Tatizo lilikuwa nani atangulie. Kundi lao halijawahi kuvuka maji bila Nado, yule ng'ombe mzee mwekundu aliyevaa kengele, naye Nado alibaki Kimuka, mifupa. Leshan alikuwa amemvua kengele akamvalisha maksai mmoja kijana, mwenye shingo nene kuliko wote. Njia nzima maksai alitembea katikati ya kundi, kengele ikilia kama ya mtu aliyepotea sokoni.

"Haya, mzee wa kazi, ingia!" Leshan alimpigia mluzi, akamchapa matako.

Maksai aliingia hadi magotini. Akasimama. Akageuka kwa ghafla, na kundi zima likageuka naye, vumbi, pembe, kengele, kelele. Priscilla aliruka kando ya jiwe huku amebeba ndama mabegani. Ndama huyo alizaliwa Matasia kando ya ua la watu, na Leshan alitaka aachwe hukohuko kwa sababu anawachelewesha. Priscilla alikataa. Mama yake ndama, Naibor, ng'ombe mweupe mwembamba kama kitanda cha kamba, alikuwa akitembea mita mbili nyuma ya Priscilla tangu Matasia, akilalamika.

Walijaribu tena, na tena. Maji yalikuwa yameanza kubadilika rangi.

"Hiyo kengele mmemvalisha nani?" sauti ikatoka ng'ambo. "Kengele si cheo!"

Mwanamume mnene alikuwa ameshuka kutoka nyumba ya mabati iliyokuwa juu ya ukingo, mwavuli mkononi, suruali ya ofisini imekunjwa hadi magotini. Mto haukuwa mpana, alisikika vizuri.

"Sopa!" alisalimu kwa sauti, kwa Kimaasai kibovu. "Mimi ni Ondiek! Nyinyi si watoto wa Katoo? Huyo kijana amesimama kama Katoo kabisa! Mzee Katoo ako wapi?"

Jina lilipita juu ya maji kama jiwe. Leshan akatema mate kando.

"Hatusemi hilo jina!" akafoka. "Amekufa!"

Ondiek akateremsha mwavuli. "Woi. Katoo? Pole. Pole sana, watoto wangu." Kisha, kama mtu asiyejua amekanyaga nini, "Kwetu jina la mtu mzuri tunapatia mtoto, ndiyo lisilale. Nilitaka kumwita wangu Katoo, mke wangu Dolphine akakataa."

"Nyamaza!"

"Sawa, nanyamaza. Lakini hivyo mnavyofanya, yeye hakufanya hivyo."

Priscilla akasogea mbele hadi maji yakamgusa vidole. "Ulimwona wapi?"

"Hapahapa! Wakati wa El Nino, mwaka wa tisini na saba. Nilikuwa nimehamia juzi tu. Ng'ombe walimkatalia namna hiyo, hata yule mwekundu wa kengele."

"Mjaluo, mtu wa samaki, anifundishe ng'ombe?" Leshan alisema.

"Mtu wa samaki anajua maji, kijana! Na haya yako na nusu saa!" Ondiek alielekeza mwavuli juu ya mto. "Aliacha kengele. Alichukua ndama, akamwonyesha mamake, akaingia naye. Mama akafuata. Wengine wakafuata mama. Nilidhani ni wazimu, nikamwuliza. Akaniambia kitu, kita... kitangu..."

"Kitangulizi!" Priscilla alipiga kelele.

"Hiyo! Akaniambia kiko mabegani!"

Priscilla hakusubiri zaidi. Alimgeukia Naibor, akamshusha ndama mpaka puani mwa mama yake, akamwacha amrambe mara moja, mara mbili. Ndama akalia. Naibor akajibu kwa sauti ya tumboni. Priscilla akamrudisha mabegani, akashika miguu yake minne kifuani.

"Wewe hujui kuogelea!" Leshan alisema.

"Na huyu je, anajua?"

Maji yalikuwa baridi kuliko alivyofikiri. Magoti, mapaja, kiuno. Mawe ya chini yaliteleza kama yamepakwa mafuta. Ndama alilia tena, safari hii kwa hofu, na nyuma yake Priscilla akasikia kishindo cha kwato zikivunja maji. Hakugeuka. Alijua ni Naibor. Kisha akasikia kishindo kingine, halafu vingi, halafu hakuna tena cha kuhesabu, na Leshan akipiga mluzi na kucheka na kutukana kwa furaha vyote kwa pamoja.

Katikati, maji yakamfika kifuani. Mguu ukakosa jiwe. Aliyumba, ndama akatupa teke, pua ya Naibor ikamgonga mgongoni kumsukuma mbele. Mkono mnene ukamdaka kwenye kiwiko. Ondiek alikuwa majini na saa yake na suruali yake ya ofisini.

"Vuta! Usiangalie chini! Vuta!"

Wakatoka. Naibor akatoka, akichuruzika maji, akaanza kumramba ndama kabla Priscilla hajamtua. Nyuma yao mto ulikuwa umejaa pembe. Walipanda mmoja baada ya mwingine, wakitikisa masikio, na wa mwisho kabisa akaja maksai wa kengele, amejikunyata kwa woga, Leshan akiwa ameshika mkia wake.

"Wote?" Priscilla aliuliza.

"Wote!" Leshan alijiangusha kwenye majani mabichi. "Wote, dada!"

Hawakukaa sana kabla mngurumo haujafika. Maji mekundu yalizunguka kona yamebeba matawi na debe na mlango mzima wa mbao, yakafunika pale walipopita. Dolphine, mke wa Ondiek, alikuja juu ya ukingo na birika na vikombe, akaona suruali ya mumewe, akaweka birika chini ili apate mikono ya kumlaumu. Ng'ombe hawakumsikiliza mtu. Vichwa vyao vyote vilikuwa chini, na kila mahali palisikika sauti ya majani yakikatwa.

Leshan alikunywa chai yake. Alijaza kikombe cha pili. Kisha akamgeukia Ondiek, bila kumtazama usoni.

"Mtu wa samaki. Siku hiyo ya El Nino. Alikuwa amevaa nini?"

"Nani?"

Leshan aliweka kikombe chini.

"Katoo," Leshan alisema.

"Aa! Koti kubwa ya kijani, kifungo kimoja. Na alikuwa anaimba. Kwa hayo maji yote, anaimba."

"Anaimba nini?"

"Mimi najua? Ni Kimaasai." Ondiek akakaa sawa, akakohoa, akaanza kuimba kwa sauti nzito iliyokosa kila mahali. Ndama akainua kichwa. Dolphine akaziba masikio.

"Si hivyo," Leshan alisema, akicheka huku machozi yakimshuka. "Si hivyo hata kidogo." Akamrekebisha neno la kwanza, kisha la pili, na Priscilla akaingia kuimba nao kwenye la tatu.