Jibu la Kabla ya Pasaka

Simu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumwambia Etaferahu ukweli, na hata hiyo simu ilianza kwa kumzungusha. Macho yake yalipogeuka njano, aliandika kwa Kiamhari jina la maradhi hayo kama linavyotajwa na kila mtu mtaani Shiro Meda: ugonjwa wa ndege. Simu ikamshauri awachanje kuku wake. Akasoma mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa kumaliza alichokianza, akajua yote kuhusu kideri na namna ya kupulizia dawa bandani, na yeye hana hata kifaranga.

Mara ya pili akaja kwa mlango mwingine. Jina aliliacha, akaandika mambo yenyewe: macho ya njano, ngozi kuwasha, choo cheupe kama chokaa, nyama kuisha mwilini bila mtu kufunga. Hapo simu ikaacha mzaha. Walitangulia waganga wa mitishamba, huyu na mbegu zake, yule na majani yake, kisha zikaja kurasa za Kiingereza ambazo simu ilizigeuza kuwa Kiamhari kibovu lakini cha kueleweka. Kila ukurasa ulirudi kwenye kongosho, na kila ukurasa uliotaja kongosho ulitaja uvimbe. Etaferahu alijifunza kusoma ukubwani, enzi za kampeni ya kufuta ujinga, mtoto mgongoni na kitabu mkononi, na mtu aliyejifunza kusoma kwa taabu hasomi juujuu. Alisoma asubuhi, akasoma akingoja kahawa ichemke, hata yale majina ya Kiingereza akayajua kwa sura na kwa sauti, maana simu humtamkia mtu neno akiligusa.

Wala hakuwa anaogopa kufa kupita kiasi. Lililomkaa rohoni ni binti yake, Tsigereda, aliyekuwa Beirut akifanya kazi za ndani. Mkataba wake ulikuwa unaisha Pasaka, na madamu wake alitaka amwongezee miaka miwili mingine, tena alitaka jibu wiki hii hii. Etaferahu alihitaji kitu kimoja tu kutoka kwa daktari: aambiwe kama ana muda wa kumngoja mtoto wake au hana. Akishaambiwa na mtu aliyesomea, atapata nguvu za kumwita. Bila hivyo atamwitaje? Amwambie simu imesema, simu ile ile ya kuku?

Basi siku ya miadi ya pili, baada ya vipimo, alijifunga shuka yake nyeupe, akaenda hospitali na mwanawe Dagnachew. Dagnachew alikuwa mhasibu wa kampuni ya saruji, kijana mwema asiyemwacha mama yake hata kushuka ngazi peke yake, na huo wema ndio uliokuwa balaa. Walipoingia kwa Dokta Natnael, yeye ndiye aliyekalia kiti cha karibu na meza. Mgonjwa akapewa benchi la ukutani.

"Anakula?" dokta akamwuliza Dagnachew.

"Kidogo, dokta."

"Usingizi?"

"Usingizi hana neno."

Mgonjwa mwenyewe yupo pale pale, ulimi anao, na usingizi alikuwa hana hata tone kwa kujikuna. Lakini ndivyo tulivyo. Mgonjwa kwetu ni kama bibi harusi, wenye kusema ni jamaa zake.

"Mimi silali," akasema Etaferahu. "Halafu dokta, nimesoma."

"Umesoma nini, Mama?"

"Kuhusu ugonjwa wangu. Kwenye simu."

Dokta Natnael akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Ah, simu! Mama, siku hizi sina mgonjwa, wote ni madaktari wenzangu. Juzi kaja bibi mmoja, umri kama wako, kaniapia ana tezi dume. Simu imemwambia."

Dagnachew akacheka kwa nguvu kuliko mzaha ulivyostahili. Etaferahu naye akatabasamu, kwa kuwa kisa kilichekesha kweli, kisha akarudi alipokuwa.

"Yule kakosea. Mimi nisahihishe ninapokosea. Mlisema nina mchanga kwenye nyongo."

"Mchanga kidogo tu, Mama. Ndio unaoziba."

"Wameandika mchanga na mawe huuma, mtu anagaagaa chini. Mimi siumwi popote. Njano isiyo na maumivu, wameandika, itafutiwe sababu nyingine."

Dokta akaacha kuchezea kalamu. "Si kila mtu huumwa."

"Sawa. Na hicho kijibomba mnachotaka kuniwekea wiki ijayo?"

"Cha kupitishia nyongo. Njano itaondoka, kuwashwa kutaondoka. Utalala."

"Kitaondoa njano, nimekubali. Kitaondoa na kilichoileta?"

Dagnachew akageuka, akamshika mama yake goti. "Mama, usimchoshe dokta. Watu wamejaa nje." Kisha akamgeukia dokta, na wote wawili wakahamia Kiingereza.

Walihama bila kujificha, kama watu wanaofunga mlango kwa mguu huku mikono imejaa. Miaka yote madaktari wa mji huu wanafanya hivyo juu ya vichwa vya wagonjwa wao, maana wamesomeshwa kwa Kiingereza na mama zetu hawakijui. Etaferahu naye hakukijua. Hakuweza kuomba hata chumvi kwa Kiingereza. Lakini yale maneno machache waliyoyatumia ndiyo hasa aliyokuwa nayo, kwa kuwa simu ilikuwa imemfundisha hayo na si mengine. Alilisikia jina la kongosho. Alilisikia jina la uvimbe, na la ini, na neno la kusambaa. Alisikia "miezi", neno alilolijua kutokana na mikataba ya Tsigereda, ila hesabu yake dokta aliisema akiwa ameinama. Aliona bega la mwanawe likishuka.

Akawatazama wale wanaume wawili waliosoma, wakijadiliana namna ya kumficha kitu anachokijua, na hasira ikampanda, kisha ikaondoka yenyewe kwa kukosa pa kushika. Utamgombeza nani? Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote kuhusu mgonjwa anayetaka kuyafichua na wenziwe ndio wanaoyafunika.

"Dokta," akasema, "kuna mahali pananiwasha zaidi. Nataka unipime. Ni mahali ambapo mwanangu wa kiume hawezi kupatazama."

Dagnachew akainuka kama aliyekalia kaa la moto, akatoka bila kugeuka.

Dokta akasogeza pazia. "Wapi, Mama?"

"Hakuna. Kaa chini useme."

"Nimeshasema, Mama."

"Umemwambia Dagnachew. Niambie mimi. Mwenye tumbo ni mimi."

Dokta Natnael akakaa. Alikuwa kijana kuliko alivyoonekana mbele ya mwanaume mwenziwe. "Mwanao ameniapisha."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa uhai wako."

"Uhai ni wangu. Nimekufungulia kiapo."

Dokta alitaka kucheka, akashindwa. "Mama, nisikilize. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimwambia mzee mmoja ukweli, uso kwa uso, kama tulivyofundishwa. Mzee aligeukia ukuta, akaacha kula. Ndugu zake wakanifuata hadi kwenye gari. Dada yake akaniambia, wewe ndiye uliyemwua, ugonjwa ulikuwa haujaamua. Tangu hapo nikitaka kusema, namwona huyo dada."

"Pole, mwanangu," akasema Etaferahu, na alikuwa amemwonea huruma kweli. "Mimi nitakula. Tena jina la ugonjwa sikuulizi, jina ninalo. Nakuuliza Pasaka."

"Pasaka?"

"Nitaifikia?"

"Mungu ndiye ajuaye."

"Mungu anajua na wewe unajua. Mungu nimemwuliza, yuko kimya. Sasa nakuuliza wewe uliyevaa koti."

Dokta akatazama mlango. Nje, kivuli cha Dagnachew kilikuwa kinapita na kurudi kwenye kioo cha ukungu. "Una watoto wangapi, Mama?"

"Wawili. Huyo umemwona. Mwingine yuko Beirut."

"Anarudi lini?"

"Pasaka, kama atarudi. Anangoja nimwambie arudi."

Kijana akajifuta uso kwa kiganja. "Asingoje Pasaka," akasema. Kisha akainuka upesi na kwenda kunawa mikono ambayo haikuwa imegusa kitu.

Etaferahu alidhani atalia. Kinyume chake aliona wepesi, hata akaona haya kwa wepesi huo. Hatimaye mtu amemjibu! Alimshukuru dokta, akamwombea watoto na maisha marefu, akafika hadi mlangoni kwa miguu yake. Nje, Dagnachew akamshika mkono, wakashuka ngazi.

Gari likashika barabara ya kupanda mlima Entoto.

"Jumamosi nitakupeleka kwenye maji matakatifu," akasema Dagnachew.

"Nipeleke. Lakini kwanza nampigia dada yako. Aje."

Akapunguza mwendo. "Dokta kakwambia nini?"

"Dokta mwaminifu, hakuniambia lolote. Nampigia tu."

"Mama, nakuomba. Usimwambie."

"Umesahau ya baba yenu?"

Hakuwa amesahau, nani angesahau. Baba yao alipofariki, Tsigereda alikuwa huko huko Beirut kwa mkataba wa mwanzo, na kama ilivyo desturi hakuna aliyemtangazia msiba kwa simu. Kila alipopiga aliambiwa baba kalala, baba kaenda kanisani, baba anakusalimu. Alipokuja likizo walimpokea uwanja wa ndege kwa maua, wakampikia, wakamwacha alale. Alfajiri majirani wakaingia wamejitanda shuka vichwani, wakasimama ukutani bila neno, akaelewa. Kilio chake kilisikika hadi sokoni. Alikuwa akipiga kifua na kuuliza jambo moja tu: aliyekuwa akinisalimu ni nani?

"Sijasahau," akasema Dagnachew. "Lakini siku ile alishikwa, Mama. Wanawake sita walimshika. Ndiyo maana watu hungoja. Kule nani atamshika? Atalilia jikoni kwa watu. Yule mwanamke atamwambia anyamaze, wageni wanakuja."

Etaferahu alitamani mwanawe awe mjinga au mbaya, ingekuwa rahisi.

Mchana, Dagnachew alipokwenda kazini, Etaferahu alikaa kwenye kigoda chake karibu na mkaa. Alikuwa amekwisha kuyapanga maneno: nimeumwa, dokta amesema uje, usikubali mkataba. Maneno machache, mtoto wa chekechea angeweza kuyasema. Akapiga.

"Mama! Nilikuwa nataka kukupigia! Subiri nifunge mlango." Vyombo vikagongana, bomba likafungwa. "Haya. Umetoka hospitali?"

"Nimetoka."

"Wamesemaje? Dagnachew ananijibu kama mwanasiasa. Nikimwuliza Mama yukoje, ananiambia mambo yanakwenda vizuri."

Etaferahu akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na kikaharibu mwanzo wote aliokuwa ameuandaa.

"Unacheka! Mungu asifiwe. Basi washa picha nikuone, siku nyingi sijakuona uso."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Hata kusema hakukuhitajika. Akikigusa, yale macho yatajieleza yenyewe, na kesho Tsigereda atakuwa kwenye ndege, madamu apende asipende. Lakini akaliona lile jiko ambalo hajawahi kulikanyaga, mlango uliofungwa, mtoto wake chini sakafuni na ngumi mdomoni ili wenye nyumba wasisikie. Hakuna hata mmoja wa kumshika mabega. Nani amfanyie mwanawe hivyo, kwa kidole chake mwenyewe? Akajaribu. Kweli alijaribu, kisha akakiondoa kidole.

"Mtandao wetu huu mbovu," akasema.

"Haya, sauti inatosha. Sauti yako nzima kabisa. Mama, madamu ananingoja. Amesema ataniongezea mshahara, na Jumapili nzima iwe yangu. Lakini nikikubali, Pasaka siji. Nikubali? Ukisema njoo, nakuja. Neno lako tu."

"Mimi..." akaanza Etaferahu. Mkaa ukapasuka. Akaupanga upya, na neno alilolipigania asubuhi yote akaliacha.

"Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia. Kubali, mwanangu."

"Kweli? Hutanuna?"

"Ninune nini? Kubali."

Tsigereda akapiga kigelegele kidogo, cha kubana, wenye nyumba wasisikie. Akasema miaka miwili si kitu, ni kama kesho.

"Amina," akasema mama yake.