Krismasi Siku ya Sabato

Krismasi ya mwaka wa 1971 ilikuwa Jumamosi, na takataka za soko la Kisii hazikuwa na mtu wa kuzizoa.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nyapara wa usafi wa soko, na watu wangu walikuwa sita: watatu Wasabato, watatu Wakatoliki. Jumamosi walifanya kazi Wakatoliki, Jumapili Wasabato, siku nyingine wote. Mpango huo niliutunga mwenyewe, na kwa miaka sita soko halikukosa mtu hata siku moja. Nikajisifu mpaka kwa karani wa baraza la mji. Sikuwahi kufungua kalenda nijiulize itakuwaje Krismasi ikija siku ya Sabato. Nilijua Alhamisi jioni, dereva wa trekta alipokuja kuniaga.

"Unaenda wapi, Cleophas?"

"Nyumbani Ikonge. Krismasi, bwana nyapara."

"Krismasi ni Jumamosi. Jumamosi ni zamu yenu."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa alipie kodi jua analoota. "Mzee Ombati, wewe mwenyewe ni Mkatoliki. Utaenda misa ama utashika sepetu?"

"Nitashika sepetu."

"Basi utuombee huko mtaroni," akasema, na wale Wakatoliki wengine wawili, nao wakiwa wamekuja kuaga, wakacheka. Trekta ikabaki uani mwa baraza, na hakuna mwingine aliyejua kuiendesha.

Nikamfuata Abner, mkubwa wa Wasabato wangu.

"Abner, ninyi hamna Krismasi."

"Hatuna."

"Basi mnifanyie Jumamosi."

"Mzee, hata ungeniambia tunazoa dhahabu, jibu ni lile lile."

Lakini Abner si mtu mbaya. Aliahidi kwamba Ijumaa watafanya kazi mpaka jua lizame, na Jumamosi jua likizama watarudi. Wakafanya hivyo kweli. Ijumaa walisukuma mikokoteni bila kupumzika, na jua lilipoanza kuzama soko lilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuliona. Wakanawa mikono, wakaenda zao. Ndipo soko lenyewe likaanza. Watu walikuwa wameshuka kwenye mabasi ya Nairobi na Kericho na pesa mfukoni, wakulima wa chai wa Itumbe nao wamelipwa, na kila mtu alitaka kuku, miwa, nguo ya mtoto. Walinunua kwa taa za karabai. Manyoya, maganda, makapi ya miwa, majani ya migomba yaliyofungiwa ndizi, vyote wakavitupa mahali walipokuwa wamesimama.

Mtaro wa soko unateremka, unapita chini ya barabara ndani ya bomba la saruji, kisha unapita nyuma ya stoo ya Mong'ina. Huyu alikuwa mama mjane aliyenunua kwetu kila kitu kilichofaa kutumika tena: chupa, madebe, magunia, na zaidi karatasi. Watu wangu walichagua taka kabla ya kuzipeleka jaani. Mimi ndiye niliyewalazimisha, nao walininung'unikia kwa hilo. Magazeti na mifuko ya saruji Mong'ina aliikung'uta, akainyoosha, akaifunga mafungu ya kuuzia wenye maduka wafungie sukari. Miaka miwili alikuwa ameweka akiba ya karatasi mle stoo. Jumatatu lori la Kisumu lingekuja kuichukua, na lingemletea mabati. Kule Nyamarambe alikuwa amejenga nyumba ya matofali mabichi, kuta nne zilizosimama tangu Septemba bila paa, zikifunikwa majani ya migomba juu. Mvua kubwa za Machi zingezikuta hivyo, zingeziangusha.

Jumamosi saa moja asubuhi nilifika sokoni peke yangu. Mtaro haukuonekana. Nilikanyaga takataka nikidhani ni ardhi, mguu ukazama mpaka gotini. Sakafu ya stoo iko chini kuliko barabara, na Kisii mvua hunyesha mchana bila kuuliza mtu. Sikuanza kuchimba. Nilikwenda kanisa la Wasabato, alikosali Mong'ina, na viatu vyangu vya matope, nikamwita nje.

"Mama, mtaro umeziba. Nipe ufunguo niyatoe magunia yako ya karatasi."

"Leo ni Sabato."

"Sikwambii ufanye kazi wewe. Nitabeba mimi."

"Nikikupa ufunguo nimekutuma. Amri inakataza hata mgeni wangu asifanye kazi. Jua likizama tutayatoa."

"Mvua haingoji jua lizame!"

"Punguza sauti, baba. Watu wanaomba." Akarudi ndani. Ufunguo ulikuwa kifuani mwake kwenye uzi. Niliuona.

Nikarudi kuchimba. Nilichimba kwa hasira, na hasira inachimba vizuri. Watu waliotoka misa walipita na nguo mpya wakinisalimu, "Krismasi njema, mzee!" Nilizidi kuchimba. Mmoja alitupa ganda la ndizi mle mle nilimokuwa nimesafisha. Nilimwita mjinga mbele ya watoto wake.

Kufika saa saba nilikuwa nimefungua mtaro wote wa juu. Likabaki bomba lenyewe. Lilikuwa limeshindiliwa majani ya migomba, na sepetu haikufika ndani. Nilihitaji mti mrefu. Nyumbani nilikuwa nao, tena nilikuwa sijala tangu jana yake, na jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe. Nikasema nitachukua mti, nile, nirudi.

Ni nusu saa kwa miguu. Mke wangu Esnah alikuwa na wageni.

"Kaa ule kama mtu," akasema. "Hiyo taka itakukimbia?"

Nikakaa. Nikala ugali wa wimbi na kuku. Nikaongezewa. Mgeni mmoja akaanza hadithi, nikaingoja mwisho wake. Hadithi haikuwa imefika mwisho mvua ilipopiga mabati juu ya vichwa vyetu.

Nilikimbia na ule mti. Maji ya mtaro niliousafisha yalishuka kwa nguvu zote, kwa kuwa njia nilikuwa nimeyafungulia mwenyewe, yakagonga bomba, yakakosa pa kupita, yakapanda barabara na kuteremkia mlangoni kwa Mong'ina. Nilivunja kufuli kwa sepetu. Ndani maji yalikuwa yamefika kiunoni. Magunia ya chini yalikuwa yamepasuka na ya juu yalikuwa yakiyaangukia. Nililivuta moja, likabaki mkononi gunia tupu.

Jua lilipozama Abner alikuja na watu wake kama alivyoahidi, na Mong'ina nyuma yao. Alisimama mlangoni na nguo zake za kanisa. Akatazama kufuli.

"Ulivunja saa ngapi?"

"Mvua ilipoanza."

"Ungevunja asubuhi."

"Mama, si wewe uliyeninyima ufunguo?"

"Nilikunyima. Na ungeniomba tena nisingekupa. Lakini kuvunja hukuhitaji ruhusa yangu, na mimi nisingekuwa nimekutuma."

Abner akainama, akaanza kuzoa.

Magunia thelathini na manane ya karatasi yalikuwa uji. Cleophas alirudi Jumatatu, na tuliyapeleka jaani kwa tela tatu za trekta. Lori la Kisumu lilibeba chupa peke yake. Mabati ishirini na manne hayakuja. Mwezi wa Machi kuta mbili za Nyamarambe zilianguka, na ya tatu tuliisukuma mimi na Abner kwa sababu ilikuwa imepasuka. Mong'ina alilala jikoni kwa dada yake mwaka mmoja na miezi minne.